Ukurasa wa Nyumbani: Mtoto Akililia Wembe

Wahenga walinena kwamba fahali wawili wapiganapo ziumiazo ni nyasi. Methali hiyo aghalabu husemwa vita vikiwa bado vinarindima. Ni nadra kuisikia baada ya fahali kuachana. Lakini nyasi zilizokanyagwa haziinuki siku ile ile fahali wanapoondoka. Ndivyo walivyo watoto. Mtu mzima huiona amani kuwa ni kurejea kwa mambo aliyoyajua zamani, ilhali mtoto aliyezaliwa vitani hana zamani ya kurejea. Kwake yeye amani ni mambo mageni, na aingiaye katika mambo mageni bila ya kuelezwa hana budi kukosea. Makosa hayo wazazi huyaita utundu, walimu huyaita ukaidi, na mara nyingi fimbo hutangulia kutoka kabla ya neno.

Mfano ulio wazi wa jambo hili unapatikana Uingereza, katika miaka iliyofuata Vita Kuu vya Pili, vilivyokwisha Ulaya tarehe 8 Mei, 1945, na Asia mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Vita hivyo havikuwa vya Waingereza peke yao. Askari wa Keya kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Nyasaland walipigana Burma mwaka 1944, na baada ya ushindi, baba wa Kiingereza alipokuwa akishuka garimoshi na mfuko wake begani, baba wa Kiganda na baba wa Kiacholi nao walikuwa wakiitafuta njia ya kwao. Habari za watoto wa Uingereza zimehifadhiwa kwa wingi, kwa kuwa wengi wao walipokuwa watu wazima walikaa chini wakazisimulia. Zinafaa kusikilizwa na wazazi wa kambini na wa laini za polisi, maana mlango unaofunguliwa na askari anayerudi kwake ni mlango mmoja, popote ulipo.

Chukua mfano wa mtoto aliyezaliwa London mwaka 1940. Tangu Septemba 1939 ilikuwa marufuku kuonyesha taa nje usiku, ili ndege za adui zisiuone mji. Basi mtoto huyo alifikisha miaka minne bila ya kuona barabara iliyowashwa taa sawasawa. Chakula kilipimwa kwa kitabu cha mgao, na peremende nazo zilitiwa katika mgao mwezi wa Julai 1942. Ndizi hakuzijua kabisa, kwa sababu serikali ilikuwa imezuia kuziingiza nchini tangu Novemba 1940, ili meli zibebe vitu vilivyohitajiwa zaidi. Kama aliwahi kuiona ndizi, aliiona katika picha ya kitabuni.

Meli ya kwanza ya ndizi baada ya vita, iitwayo Tilapa, ilifika bandari ya Avonmouth, karibu na mji wa Bristol, tarehe 30 Desemba, 1945, ikitoka Jamaika na shehena ya ndizi zipatazo milioni 10. Ndizi hizo zilitengwa kwa ajili ya watoto. Kwa msomaji ambaye migomba imeizunguka nyumba yake ni vigumu kuamini yaliyofuata. Wako watoto waliozing'ata pamoja na maganda, wakatema, wakawashangaa wakubwa waliokuwa wakikisifu kitu kichungu namna ile. Wakubwa walicheka sana. Hawakukumbuka kwamba hakuna hata mmoja wao aliyemwambia mtoto kuwa ndizi humenywa.

Kiko pia kisa cha ndizi kisichochekesha. Evelyn Waugh, mwandishi mashuhuri wa Kiingereza aliyekuwa askari katika vita hivyo, alikuwa na watoto watatu wakubwa ambao kila mmoja aliandaliwa ndizi yake. Mama aliporudi nyumbani na ndizi tatu, baba aliziweka zote katika sahani yake, akazimiminia malai na sukari, vitu ambavyo wakati huo vilikuwa adimu, akazila zote tatu mbele ya macho ya wanawe. Mmoja wa watoto hao, Auberon, aliyezaliwa mwaka 1939, alikisimulia kisa hicho katika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka 1991. Alieleza kwamba tangu siku ile hakuyatilia tena maanani mafundisho ya baba yake juu ya dini na maadili. Baba alikula ndizi tatu kwa dakika chache. Mwana alikaa nazo moyoni kwa miaka zaidi ya arobaini.

Kurejea kwa baba ndiko kulikoleta kutoelewana kukubwa kuliko kote. Askari wa Uingereza walianza kuruhusiwa kuacha jeshi mwezi wa Juni 1945, kwa makundi, kila mtu kwa kadiri ya umri wake na muda aliotumikia. Walipewa suti ya kiraia, wakapelekwa makwao. Kwa mtoto wa miaka mitano, baba alikuwa ni picha juu ya meko. Mama alikuwa amemfundisha kuibusu picha hiyo kila usiku kabla ya kulala na kuitakia usiku mwema. Visa vya namna hii vimesimuliwa mara nyingi: baba amekaa kitini, amevaa suti yake mpya, na mtoto anampita asimtazame, anakwenda kuibusu picha. Au mtoto anamwuliza mama yake kwa sauti ambayo kila mtu anaisikia, "Mama, huyu bwana ataondoka lini?"

Maneno hayo yalimchoma baba. Jangwani, melini au katika misitu ya Burma alikuwa ameota siku ya kukumbatiwa na mwanawe, na sasa mwana amejificha nyuma ya sketi ya mama. Lakini yafaa kulitazama jambo hilo kwa macho ya mtoto. Mtu asiyemjua ameingia nyumbani bila kubisha hodi. Ametwaa kiti kilichokuwa kitupu, na usiku ametwaa mahali pa mtoto kitandani kwa mama. Anazungumza kwa sauti ya gwaride. Anataka viatu vipangwe mstari na sahani imalizwe. Mtoto akianza kuvificha viatu vya mgeni huyo, au kumwaga supu kwa makusudi, mtoto huyo si mwovu. Anailinda nyumba yake dhidi ya mvamizi kwa silaha alizo nazo.

Wako akina baba waliolitambua hilo, wakavumilia, wakaanza urafiki kidogo kidogo: kwa kutengeneza gari la mbao, kwa kutembea pamoja hadi dukani, kwa kusubiri hadi mtoto mwenyewe autie mkono wake mkononi mwa baba. Wako pia waliotaka utii kabla ya mapenzi, wakapata utii peke yake. Nyumba nyingi zilivunjika katika miaka hiyo. Mwaka 1947 talaka katika England na Wales zilifikia takriban 60,000, ambapo mwaka 1939 zilikuwa kiasi cha 8,000. Sababu zilikuwa nyingi, na haitakuwa haki kuwatupia watoto mzigo huo. Lakini nyumba ambayo baba na watoto wake hawajuani ina nguzo moja pungufu.

Shuleni mambo hayakuwa mepesi zaidi. Majengo mengi yalikuwa yamepigwa na mabomu, madarasa yalijaa watoto arobaini na zaidi, na tarehe 1 Aprili, 1947 umri wa kumaliza shule uliongezwa kuwa miaka 15, kwa hiyo vibanda vya saruji vilijengwa haraka haraka viwanjani. Walimu hawakutosha. Serikali ilianzisha mafunzo ya dharura ya miezi 13, ambayo yalitoa walimu wapatao 35,000 hadi yalipofungwa mwaka 1951, na wengi wa hao walikuwa ndio kwanza wametoka jeshini. Basi watoto waliomwacha askari nyumbani walimkuta askari mwingine mbele ya ubao.

Watoto hawakuchelewa kuigundua njia ya kumteka mwalimu wa namna hiyo. Somo la hesabu lilipokuwa gumu, mmoja aliinua mkono kwa adabu nyingi akauliza, "Mwalimu, eti kifaru cha Kijerumani kilikuwa na chuma kinene kiasi gani?" Mwalimu aliweka chaki chini, akachora kifaru ubaoni, na sehemu zikasahauliwa hadi kengele ilipolia. Hila hiyo ilitumika shule baada ya shule, na walioifanya waliicheka hadi uzeeni. Walakini ndani ya hila ile yamkini palikuwa na swali la kweli. Nyumbani baba wengi hawakutaka kuvizungumza vita. Mtoto alijua kwamba baba yake amefanya jambo kubwa na kuona jambo zito, lakini akiuliza alinyamazishwa. Alikwenda kumwuliza mwalimu kile alichotamani kuambiwa na baba.

Utundu mwingine ulikuwa wa kawaida ya watoto wote duniani, ila ulivaa mavazi ya wakati wake. Wakati wa vita kila mtoto alikuwa amepewa kinyago cha mpira cha kujikinga na gesi ya sumu, na darasani walifanyishwa mazoezi ya kukivaa. Haukupita muda kabla hawajagundua kwamba mtu akipuliza kwa nguvu ndani yake, mpira hutetemeka mashavuni na kutoa sauti isiyotajwa mezani. Darasa zima likapuliza kwa pamoja, na mwalimu asijue amwadhibu nani. Tangu Agosti 1946 kila mwanafunzi alipewa bure kila siku chupa ndogo ya maziwa, thuluthi moja ya painti. Katika baridi kali ya mwanzo wa mwaka 1947 maziwa hayo yaliganda, yakavimba na kusukuma kifuniko cha karatasi juu, nayo chupa zikapangwa karibu na jiko ziyeyuke. Vidau vya wino vilitumbukizwa vipande vya karatasi, na vipande hivyo vikaruka kwa rula kuelekea shingo ya aliyekaa mbele. Malipo yake yalikuwa bakora, ambayo katika shule za serikali za Uingereza haikupigwa marufuku hadi sheria ya mwaka 1986.

Uwanjani watoto walipigana vita upya kila siku. Tatizo lilikuwa moja tu: hakuna aliyekubali kuwa Mjerumani, ikabidi wadogo walazimishwe. Hata hivyo vita vyao vilikuwa na sheria ambayo askari yeyote ataiheshimu. Iona Opie na mumewe Peter, waliokusanya desturi na maneno ya watoto wapatao 5,000 wa Uingereza na kuyatoa katika kitabu mwaka 1959, walieleza kwamba kila sehemu ya nchi ilikuwa na neno lake la kuomba amani mchezoni. London mtoto aliyechoka, au ambaye kamba ya kiatu chake imefunguka, alipishanisha vidole vyake akasema "fainites"; katika sehemu kubwa ya Scotland alisema "barley". Akishasema, hakuguswa. Neno hilo halikufundishwa na mwalimu wala kuamriwa na mzazi. Watoto wale wale walioitwa wakaidi walikuwa wakiitii kanuni ya kutompiga aliyejisalimisha, kwa sababu waliielewa maana yake.

Kwa upande wa wakubwa, ahadi hazikuwa thabiti kiasi hicho. Tarehe 24 Aprili, 1949 watoto walitangaziwa kwamba mgao wa peremende umekwisha. Walimiminika madukani, makopo yakabaki matupu, na kwa kuwa sukari haikutosha, mgao ulirejeshwa mwezi wa Agosti mwaka huo huo. Haukuondolewa moja kwa moja hadi tarehe 5 Februari, 1953, karibu miaka minane baada ya ushindi. Mtoto aliyezaliwa mwaka 1940 alikuwa sasa anaingia ujanani. Serikali ilikuwa na sababu zake, na sababu hizo zilieleweka kwa mwenye kusoma gazeti. Kwa mtoto, mtu mzima alikuwa amempa peremende kisha akampokonya.

Sasa yapo makosa ambayo fimbo na maelezo vyote huyachelewa. Methali ya Kiswahili yasema mtoto akililia wembe, mpe. Wahenga walikuwa na hekima yao: wembe humkata mtoto kidole, akalia, akajifunza, na kidole kikapona. Lakini vita huacha nyuma yake vitu ambavyo si wembe.

Watoto wa London waliyafanya magofu ya nyumba zilizobomolewa kuwa viwanja vyao. Walipanda ngazi zisizokuwa na mwisho, wakaingia katika vyumba vya chini vilivyojaa maji, wakakusanya vipande vya mabomu na maganda ya risasi, wakabadilishana shuleni kama wabadilishanavyo gololi. Kipande kilichookotwa kingali na moto kilikuwa na thamani kuliko kilichopoa. Wazazi waliwakataza, lakini aghalabu katazo lilikuwa ni neno moja tu, "Usiende!" Mtoto alidhani anakatazwa kuchafua nguo.

Hatari hiyo ilikuwa imeshajionyesha. Usiku wa kuamkia tarehe 14 Juni, 1943, ndege za Kijerumani ziliangusha katika miji ya Grimsby na Cleethorpes mabomu madogo yenye mabawa mfano wa kipepeo. Mabomu hayo yalinasa mitini, kwenye mapaa na katika mabustani. Wengi wa waliokufa hawakufa ndege zilipokuwa angani, bali baadaye, walipokigusa kitu kigeni wasichokijua. Na hatari haikukoma vita vilipokoma. Mwaka 1940 fukwe za Uingereza zilikuwa zimetegwa mabomu kumzuia adui asishuke, na baada ya vita zilisafishwa, zikafunguliwa, watu wakarudi kuogelea. Tarehe 13 Mei, 1955, katika ufuko wa Swanage, kusini mwa nchi, wanafunzi watano wavulana waliokuwa wakicheza waliuawa na bomu mojawapo lililokuwa limesahaulika. Ilikuwa imepita miaka kumi na siku chache tangu siku ya ushindi. 

Hapo methali ya wembe hufika mwisho wake. Bomu halimpi mtoto nafasi ya kujifunza, na mzazi hapati siku ya pili ya kumwambia, "Si nilikukataza?"

Liko jambo jema lililozaliwa katika magofu yale, nalo ni la kujivunia. Mwaka 1946 mwanamke wa Kiingereza aliyejulikana kama Lady Allen wa Hurtwood alizuru Denmark, akaona huko Emdrup uwanja uliofunguliwa mwaka 1943 ambamo watoto walipewa mbao, misumari, nyundo na matofali wajijengee watakacho, akiwapo mtu mzima wa kuwaangalia bila ya kuwaamrisha. Alirudi akapigania viwanja kama hivyo vianzishwe penye magofu ya Uingereza. Mwaka 1948 kimoja kilifunguliwa Camberwell, London. Badala ya kuwafukuza watoto kutoka mahali pa hatari, walitafutiwa mahali pa kufanyia utundu wao kwa usalama. Watoto walioitwa wavunjaji walionekana wakijenga.

Ni funzo gani basi liwezalo kuingia katika nyumba ya askari leo? Kwanza, baba anayetoka katika zamu ndefu au operesheni ya mbali asitazamie kupokewa kama aliyeondoka jana. Mwezi mmoja wa mtu mzima ni muda mrefu sana kwa mtoto wa miaka mitatu. Akijificha, asiburutwe, akiuliza mgeni ataondoka lini, asichapwe kwa jambo ambalo amelisema bila ya ubaya. Mama naye, anapomtunza mtoto peke yake, asitosheke na picha ya ukutani. Amwambie baba ni nani, hupenda chakula gani, huimba wimbo gani, na kwamba atakaporudi atakaa kiti kile.

Pili, maswali ya watoto juu ya vita yasizimwe. Si lazima mtoto asimuliwe ya kutisha. Yatosha aambiwe kwamba baba alikuwa mbali kwa kazi, kwamba ameona mambo ya huzuni, na kwamba ukimya wake hautokani na kosa la mtoto. Mtoto asiyeambiwa kitu hujitungia jibu mwenyewe, na jibu atungalo aghalabu ni baya kuliko ukweli.

Tatu, na hili halina mjadala, silaha na risasi zisifikiwe na mkono wa mtoto hata kwa dakika moja, na mtoto aonyeshwe kwa picha vitu asivyopaswa kuvigusa vichakani, mtoni na katika nyumba zilizohamwa. Asiambiwe tu, "Usiguse." Aambiwe kitu hicho ni nini, kinafanya nini, na ampashe nani habari atakapokiona. Na akija kusema amekiona, apongezwe, hata kama alikuwa amekwenda mahali alikokatazwa. Akichapwa siku hiyo, siku nyingine atanyamaza.

Watoto wale wa mwaka 1945 wamekuwa wazee, na wengi wamekwisha kwenda zao. Katika masimulizi waliyoyaacha, hawakulalamika sana juu ya njaa wala baridi, kwani hayo yalimpata kila mtu. Walichokikumbuka zaidi ni siku walipoadhibiwa bila ya kuelewa kosa lao, na siku mtu mzima mmoja alipokaa chini, akawatazama machoni, akawaeleza. Mtoto akililia wembe, basi anyimwe wembe. Lakini asinyimwe neno.